Ukosefu wa Mawasiliano baina ya Kompyuta Pepe: Suala la Anwani na Muktadha Wake

1.0 Utangulizi

Kompyuta pepe ni programu inayotenda kazi za kompyuta kamili ndani ya kompyuta nyingine. Katika makala hii, kompyuta halisi inaitwa mwenyeji, na ile pepe iliyomo ndani yake inaitwa mgeni. Tatizo linalojadiliwa ni la wageni wawili, kila mmoja kwa mwenyeji wake, ambao hawawasiliani ijapokuwa wenyeji wao wanawasiliana bila kikwazo. Hoja kuu ni kwamba chanzo cha tatizo hili mara nyingi si ubovu wa waya au swichi, bali ni kutozingatiwa kwa mipaka ambamo anwani ya mgeni ina maana.

2.0 Anwani na Muktadha

Programu ya VirtualBox inatoa mfano bayana. Kwa kawaida mgeni mpya huunganishwa kwa njia ya tafsiri ya anwani, naye hupewa anwani 10.0.2.15. Anwani hiyo imo katika kundi la anwani za faragha lililoainishwa na waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996. Kwa kuwa mtandao huo huundwa upya ndani ya kila mwenyeji, wageni wote wawili huwa na anwani ileile. Hali hii yalingana na homonimu: neno "kaa" halijulikani kuwa ni mnyama wa pwani au kipande cha mkaa mpaka muktadha ubainike.

Athari yake ni kubwa. Mgeni wa kwanza akitumia ping kuiita 10.0.2.15, hujijibu mwenyewe, na mchunguzi huamini kwamba mawasiliano yapo. Vilevile, mgeni kuweza kufika kwenye intaneti si ushahidi kwamba anafikika, kwani tafsiri ya anwani hufungua njia ya kutoka tu.

Njia ya daraja ni tofauti. Hapa mgeni hupata anwani yake katika mtandao wa wenyeji, kana kwamba ameunganishwa moja kwa moja na swichi.

3.0 Hatua za Uchunguzi

(i) Anwani za wageni hulinganishwa kwanza. Kwa mfano, 192.168.1.20 na 192.168.1.35, zenye barakoa 255.255.255.0, zimo katika mtandao mmoja.

(ii) Anwani za MAC huhakikiwa, hasa pale mgeni mmoja alipozalishwa kwa kunakili mwingine, kwani nakala yaweza kurithi anwani ya asili yake.

(iii) Ping hutumwa kwa mfuatano: kwa mwenyeji wake, kwa mwenyeji wa pili, kisha kwa mgeni wa pili. Mahali majibu yanapokoma ndipo uchunguzi unapoelekezwa.

(iv) Kimya hakithibitishi kukatika kwa njia, kwani ukuta-kinga waweza kuzuia ping peke yake. Iwapo jedwali la ARP linaonyesha anwani ya MAC ya mgeni wa pili, wageni wanafikiana katika ngazi ya chini, na ukuta-kinga ndio wa kushukiwa. Kuuzima wote ni kuiacha kompyuta wazi. Inatosha kuruhusu huduma inayohitajika.

(v) Daraja lililopitishwa katika mtandao usiotumia waya laweza kushindwa, kwa sababu kituo cha mawimbi kwa kawaida hutambua anwani ya MAC ya kadi iliyojisajili kwake tu. Jaribio lirudiwe kwa waya.

Pale ambapo daraja haliruhusiwi, poti ya mwenyeji, kwa mfano 2222, huelekezwa kwenye poti 22 ya mgeni. Hapo anayeitwa ni mwenyeji, si mgeni.

4.0 Hitimisho

Imebainika kwamba jibu la uongo lina madhara kuliko kimya, kwa kuwa husitisha uchunguzi kabla ya wakati wake. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama anwani inajibu, sharti iulizwe kwanza ni ya nani, na katika mtandao upi.