Stenti ya kongosho haikai milele

Swali: Daktari, kaka yangu hukata nyama hapa Soko la Burma. Kongosho lilivimba likajaa maji, akawekewa stenti ya chuma kwa kamera. Sasa anakula vizuri, anasema kurudi hospitali ni kupoteza pesa. Je, inaweza kukaa?

Jibu: Hapana, arudi. Labda amesikia habari za stenti za umio, kama wanazowekewa wagonjwa wa saratani kule Tenwek, Bomet. Hizo mara nyingi hukaa humo maisha yote. Yake ni ya kupita tu. Daktari aliona mfuko wa maji kwa ultrasaundi iliyo kwenye ncha ya kamera, akatoboa ukuta wa tumbo, akapachika bomba fupi la nitinoli lenye midomo mipana pande zote mbili ili lisiteleze. Mfuko ukishanywea, ule mdomo wa ndani hubaki ukisugua mishipa ya damu. Ndiyo maana huangaliwa kwa CT na kutolewa baada ya wiki 3 hadi 4 hivi.

Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au homa, asingoje kliniki. Aende kitengo cha dharura usiku huohuo. Na pombe, tafadhali, aiache kabisa.