Muuguzi na Utungaji wa Sera za Afya: Kutoka Wodini hadi Bungeni

Sera ya afya ni msimamo wa serikali kuhusu huduma zitakazotolewa, watakaozipata, watakaozigharimia na viwango vya kuzingatiwa. Sheria huipa sera nguvu ya kutekelezwa, kanuni hufafanua sheria, na mwongozo humweleza mtoa huduma afanye nini anapokuwa mbele ya mgonjwa. Muuguzi huguswa na kila kinachoandikwa katika ngazi hizo zote, lakini mara nyingi hukutana nacho kikiwa kimekwisha kupitishwa, kimepigwa chapa na kuletwa wodini kwa utekelezaji. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilionesha kwamba dunia ilikuwa na wauguzi wapatao milioni 27.9, yaani takriban asilimia 59 ya wataalamu wote wa afya, na si haki wala si busara kwa kundi kubwa kiasi hicho kuhesabiwa kuwa la watekelezaji tu. Nchini Tanzania, Ibara ya 21(2) ya Katiba humpa kila raia haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye na taifa lake, na muuguzi ni raia kabla hajavaa sare.

Kile ambacho muuguzi pekee hukiona

Oksitosini ni dawa inayochomwa mara baada ya mama kujifungua ili mfuko wa uzazi ukaze na damu isitoke kupita kiasi. Dawa hii huhitaji kuhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8, na ikikaa kwenye joto hupungua nguvu bila kubadilika rangi, hata mtumiaji asiweze kuitambua kwa macho. Katika zahanati ambayo jokofu lake pekee ni la chanjo, na watumishi wameelekezwa wasiweke humo kitu kingine, kichupa cha oksitosini hubaki kabatini. Mkunga wa zamu ya usiku huchoma sindano kwa kufuata utaratibu wote, kisha huweka mkono juu ya tumbo la mama na kukuta mfuko wa uzazi ungali laini, huku damu ikiendelea kutoka. Wa kwanza kuona kwamba kasoro huenda imo katika uhifadhi wa dawa, wala si katika mikono ya mtoa huduma, ni yeye. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA yalitoa tamko la pamoja la kutaka oksitosini iingizwe katika mnyororo baridi, yaani mfumo wa kutunza dawa na chanjo katika ubaridi tangu kiwandani hadi kwa mgonjwa, ikiwa ni pamoja na kutumia majokofu ya chanjo.

Hata hivyo, jambo lililoonwa na mkunga halihesabiwi kuwa ushahidi mpaka liandikwe. Rejesta za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, pamoja na kitabu cha makabidhiano ya zamu na chati ya joto la jokofu, ndizo hoja zenye uzito kuliko malalamiko yoyote ya mdomo, kwa sababu mganga mkuu au diwani anaweza kubishana na maoni lakini hawezi kubishana kwa urahisi na kumbukumbu za miezi sita zilizojazwa kila siku. Vikao vya kuchunguza vifo vya wajawazito na watoto wachanga huanzia kwenye kumbukumbu hizohizo, na muuguzi anayehudhuria akiwa kimya huwaachia wengine waeleze usiku ambao hawakuwapo.

Mahali pa kusemea, na wakati wake

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Zahanati na vituo vya afya huandaa mipango yao na kuipitisha katika kamati za usimamizi, kisha timu ya usimamizi wa huduma za afya ya halmashauri, ambayo Muuguzi Mkuu wa Wilaya ni mjumbe wake, huiunganisha katika mpango kabambe wa afya. Tangu mwaka 2017/18, fedha za Mfuko wa Afya wa Pamoja zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, jambo lililoipa kamati ya zahanati uamuzi wa kweli kuhusu matumizi. Hoja ya jokofu ikiletwa Agosti hukuta bajeti imefungwa.

Katika ngazi ya taifa, muswada wa sheria huchapishwa katika Gazeti la Serikali, na baada ya kusomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati ya Bunge, ambayo hupokea maoni ya wadau. Hapo ndipo Chama cha Wauguzi Tanzania kinapohitaji ushahidi kutoka vituoni, kwani mtumishi wa umma hasemi kwa niaba ya serikali wala haruhusiwi kutoa siri za wagonjwa. Andiko la ukurasa mmoja hutosha, mradi liseme tatizo ni nini, limetokea mara ngapi, suluhisho litagharimu kiasi gani na mwenye mamlaka ya kuamua ni nani. Nakala yake ihifadhiwe kituoni, na mpango wa mwaka mpya utakapotoka muuguzi aupitie ili kuona kama kifungu alichopendekeza kimetengewa fedha.