Vumbi la Kitunguu Saumu na Ugonjwa wa Pumu

Mkulima wa kitunguu saumu, kazi yako haiishi siku ya kung'oa. Vitunguu vikikauka huja kazi ya kukata mizizi na majani, kuambua maganda machafu na kuchambua vikubwa na vidogo. Hapo ndipo vumbi jingi hutoka, na vumbi hilo laweza kumdhuru mtu.

Kutokwa machozi ukikata kitunguu maji, au kukohoa pilipili kavu zikitwangwa, si ugonjwa. Ni ukali wa vitu hivyo, nao humpata kila mtu. Mzio ni jambo jingine. Mwili wa mtu mmoja mmoja hukiona kitu kisicho sumu kuwa ni adui, ukapigana nacho.

Mzio hauanzi siku ya kwanza. Mtu aweza kuchambua saumu misimu kadhaa bila neno, kisha msimu mmoja akaanza kupiga chafya na kuwashwa macho, halafu kikohozi, kifua kubana na kulia kama filimbi, pengine usiku baada ya kazi. Akikaa siku chache mbali na saumu hupata nafuu. Akirudi, hali hurudi. Dalili hii ishike sana. Watu husema ni uvivu, au karogwa. Si hivyo. Akiendelea kuvuta vumbi, pumu yaweza kuwa ya kudumu, na pumu ikishika kwa nguvu huweza kuua.

Fanya kazi hii nje, kivulini, upepo ukitoka mgongoni mwako. Usiambue saumu katika chumba mnamolala, wala usiihifadhi humo. Najua nyumba nyingi hazina ghala. Kichanja chenye paa la nyasi chatosha. Usivimwagie vitunguu maji ili kutuliza vumbi, vitaoza. Kitambaa usoni huzuia maganda, lakini vumbi laini hupita. Barakoa ya kuchuja vumbi, inayokaza vizuri, ni bora.

Aliyekwisha kupata dalili asiambue tena. Mpe kazi ya palizi au ya kumwagilia, na aende zahanati aeleze kazi aliyokuwa akifanya, maana mganga asipoambiwa atajuaje? Kikohozi cha wiki 2 au zaidi kipimwe kifua kikuu pia. Anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kuhema apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Maganda yafagiliwe jioni, watoto wakiwa mbali, yatiwe katika shimo la mboji.