Mchezo upi unaukamua mwili zaidi?

SWALI: Hapa Makongeni, Thika, tunabishana kila jioni kwa kinyozi. Mimi nasema hakuna aliye fiti kama mchezaji wa soka. Wenzangu wawili wanashikilia basketi, mmoja raga. Tuamulie.

JIBU: Ushindi nampa huyo mmoja, mradi anazungumzia raga ya wachezaji saba. Kila kipindi ni dakika 7, mapumziko dakika 2. Ukisikia hivyo utadhani ni mzaha. Lakini uwanja ni uleule wa wachezaji 15, takriban mita 100 kutoka mstari wa goli hadi mwingine, na unalindwa na watu saba tu. Winga akiponyoka, unamkimbiza kwa kasi ya mbio fupi, unamwangusha, unainuka papo hapo kupigania mpira. Baada ya saa chache unaingia mechi nyingine.

Mfano wa ufiti huo ni Shujaa, timu ya Kenya ya wachezaji saba: waliicharaza Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore, Aprili 2016. Fiji hao hao walitwaa dhahabu ya Olimpiki kule Rio Agosti iliyofuata, kwa hiyo haikuwa timu ya kubahatisha.

Soka ina pumzi, sikatai: kiungo hukimbia kilomita 10 au zaidi kwa dakika 90. Ila sehemu kubwa ni kutembea na kukimbia polepole. Basketi inataka kuruka na wepesi wa kugeuka, lakini urefu, ambao ni nusu ya kazi, mtu hurithi kwa wazazi. Makipa sijawagusa, hao bishaneni wenyewe.