Kabureta za Zamani

Injini ya motokaa haiwezi kuwasha petroli iliyo katika hali ya maji tu. Lazima petroli ichanganyike kwanza na hewa, iwe kama ukungu, ndipo iwake ndani ya silinda. Katika motokaa za zamani, chombo kifanyacho kazi hiyo huitwa kabureta. Motokaa mpya za siku hizi hazina kabureta. Lakini mtu atakaye kuitunza motokaa ya kale hana budi kuijua vema.

Mwaka 1904 Mwingereza mmoja, George Herbert Skinner, alibuni kabureta ya namna yake. Mwanzoni ilikuwa na mifuo ya ngozi, mfano wa ile ya mhunzi. Baadaye pistoni ya madini ikashika mahali pa ngozi. Kabureta hizo zikaitwa S.U. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya kifuniko chenye umbo la kengele. Chini ya pistoni pana sindano nyembamba, nayo hukaa katika tundu la petroli. Injini ikivuta hewa nyingi, pistoni hupanda pamoja na sindano yake, na petroli hutoka zaidi.

Motokaa iitwayo MG TC, iliyoundwa Uingereza tangu mwaka 1945 hata 1949, ina kabureta mbili za namna hiyo. Fundi mmoja aliletewa motokaa kama hiyo, iliyokuwa imelala bandani miaka mingi. Alikuwa na mwanafunzi wake, kijana hodari, lakini mwenye haraka.

Kwanza walitafuta kuzitambua kabureta. Kwa kawaida kibati chenye nambari hufungwa kwa skurubu juu ya kikombe cha petroli; lakini vibati vilikuwa vimepotea. Basi fundi akapima koo la kabureta, akaona ni inchi 1 na robo. Akasema, "Hii ni H2. Hiyo 2 maana yake ni sehemu 2 katika 8 za inchi, juu ya inchi 1 kamili."

Fundi alipotoka, kijana akavifungua vyombo vyote, akavitia katika beseni moja na kuviosha. Viling'aa sana, akafurahi. Lakini alipoviunga tena, pistoni zilikwama. Alitaka kuchukua msasa azisugue, kisha akaogopa, akamngoja fundi na kumwambia yote.

Fundi akasema, "Umefanya vema kuuacha msasa. Kila pistoni ilitengenezwa kwa kengele yake, na nafasi iliyo kati yao ni ndogo kuliko unywele. Ukisugua, umeharibu, ukibadilisha, hazipatani." Wakajaribu pistoni moja moja, hata kila moja ikarudi kwake. Ilipoinuliwa na kuachwa, ilishuka yenyewe na kulia, "Ta!" Ndiyo dalili ya kuwa ni nzima.

Kisha kijana akatikisa boya moja la shaba, akasikia maji yakicheza ndani. Safari hii hakungoja kuulizwa, bali alimwonyesha fundi mara moja. Wakalitia boya katika maji ya moto, na viputo vikatoka penye tundu dogo. Boya huelea ili kuufunga mlango petroli inapojaa. Likiwa na tundu huzama, petroli hufurika, nayo ikidondoka juu ya bomba la moshi lenye joto, motokaa huweza kuteketea pamoja na watu wake. Wakaitoa petroli yote iliyokuwamo, hata mvuke wake, maana ni hatari kuleta moto karibu nayo. Ndipo wakaliziba kwa lehemu.

Siku ya tatu injini ikawaka, ikanguruma sawasawa. Kijana akajifunza kwamba kazi ya fundi si kung'arisha tu. Kwanza hutambua, kisha huweka kila kitu mahali pake, na kosa lake halifichi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali
1. Kabureta hufanya kazi gani?
2. Fundi aliitambuaje kabureta isiyo na kibati?
3. Kwa nini pistoni zilikwama?
4. Boya lenye tundu laweza kuleta hatari gani?