Msikate MiG-15 Mkitafuta Ta 183

Fundi, nina seti ya MiG-15. Kwa kuwa Warusi waliinakili kutoka Ta 183 ya Wajerumani, nikiirekebisha kidogo si nitaipata? (Barua nyingi zimeuliza hivi, nazijibu pamoja.)

Hutaipata, na uvumi huu unaniudhi kuliko wote. Ta 183 ilibuniwa na Hans Multhopp kule Focke-Wulf, chini ya Kurt Tank, na vita vikaisha mwaka 1945 bila kuundwa hata moja. MiG-15 iliruka Desemba 1947, na iliyoibeba ni injini ya Kiingereza ambayo Uingereza yenyewe iliwauzia Wasovieti: Nene ya Rolls-Royce. Jina limesadifu, maana kipenyo chake ni mita 1.26. Jumo 004, iliyokusudiwa kwa Ta 183 za majaribio, ina mita 0.81 hivi. Kwa skeli ya 1/72, hiyo ni milimita 17.5 kwa 11. Kiwiliwili cha MiG ni pipa lililoizunguka Nene. Niliwahi kulisugua kwa msasa hadi plastiki ikapitisha mwanga wa taa, kisha ikatoboka chini ya kidole gumba, na unene bado haujakaribia.

Kinachowaponza ni upana wa mabawa: mita 10 kwa zote mbili, ncha hadi ncha. Lakini bawa la MiG limelala nyuma nyuzi 35 na limeshika katikati ya kiwiliwili. La Ta 183 nyuzi 40, begani. Mkia mlalo wa MiG uko katikati ya pezi, wa Ta 183 juu kabisa. Anayetafuta uzao wake aitazame Argentina, alikohamia Tank: Pulqui II iliruka mwaka 1950, mabawa begani, mkia juu. Nayo ilitumia Nene.

Basi nianzie wapi?

Kiwiliwili kiunde upya. Kata mbavu za plastiki kwa kufuata mchoro, zigandishe kwenye uti mmoja, jaza puti, iache ikauke usiku kucha. Mabawa ya MiG yatafaa: kwangua vizuizi viwili juu ya kila bawa, kata shina upya lilale nyuma zaidi, kisha pima tena, maana upana utapungua. Koni ya moshi itoe kwenye Me 262 iliyovunjika. Nayo ilitumia Jumo 004.

Rangi yake halisi ni ipi?

Haikuundwa, haikupakwa. Chagua rangi za Wajerumani za mwishoni mwa vita.

Kama ingewahi, Hitler angeshinda?

Hapana. Mafuta yalikuwa yamekwisha na marubani wazoefu wamekufa. Na wanaoisifu "teknolojia ya ajabu" wasome kwanza habari za mahandaki ya karibu na Nordhausen, ambako wafungwa wa Mittelbau-Dora walifanyishwa kazi za silaha wakafa kwa maelfu.

Jirani anasema petroli inafaa badala ya tina.

Asikuunguzie nyumba. Nunua tina, fungua madirisha, na puti isugue ikiwa na maji ili usivute vumbi lake.