Kipandauso na Hipnosisi: Je, Mkristo Aweza Kujituliza Hivi?



Ndugu msomaji, mseminari akijifungia gizani wakati jua linawaka juu ya vilima vya Ngara, wenzake hudhani anakwepa zamu ya shamba. Nyumbani, jirani hunong'ona kuwa amerogwa. Huenda ni kipandauso: maumivu yanayopwita, aghalabu upande mmoja wa kichwa, pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga. Kwa mtu mzima asiyetibiwa hudumu saa 4 hadi 72.

Dawa za kutuliza husaidia zikimezwa mapema. Lakini anayezimeza siku 15 au zaidi kila mwezi aweza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa zenyewe. Ndiyo maana njia nyingine hutafutwa. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto 28 waliofundishwa hipnosisi ya kujifanyia wenyewe. Katika miezi mitatu, kila mtoto alishikwa wastani wa mara 5.8, alipotumia propranololi, mara 14.9. Ukali wa maumivu haukupungua, ila idadi ilipungua. Utafiti ni mdogo, lakini unatia moyo.

Kanisa lasemaje?
Mwaka 1856 Idara Takatifu ya Roma ilionya dhidi ya kuchanganya mambo haya na uaguzi. Tarehe 24 Februari 1957, Papa Pius XII alikubali hipnosisi inayofanywa na daktari kwa ajili ya tiba, kwa tahadhari za sayansi na maadili. Hakuhalalisha kila hipnosisi. Basi tujifunze kwa mtaalamu, si kwa mganga wa ramli.

Mazoezi (dakika 10, hata siku usipoumwa)
1. Keti mahali tulivu, fumba macho, pumua polepole.
2. Legeza paji la uso, taya, shingo na mabega.
3. Waza maji baridi ya mto Ruvubu yakipita juu ya paji lako, na viganja vikipata joto.
4. Jiambie: "Kichwa changu kinatulia."
5. Hesabu 1 hadi 5, fumbua macho.

Angalizo
Maumivu makali ya ghafla, homa, shingo kukakamaa, udhaifu wa upande mmoja, au maumivu makali kwa mjamzito: nenda hospitali mara moja. Malaria haitulizwi kwa fikra. Wala usiache dawa ulizoandikiwa.

Tafakari: Je, nimewahi kumwita mgonjwa mvivu au aliyerogwa? Nitamwendeaje leo?